Ya Katikati Walimpa Nani?

Baba yangu mkubwa ana kauli moja iliyotuchekesha sana tulipokuwa wadogo pale Issenye. Kila akianza kusimulia ujana wake husema, "Enzi zile nikiwa reli..." Sisi watoto tulikuwa tunatazamana, tunabana vicheko, wengine wanakimbilia nyuma ya nyumba kuchekea huko. Reli gani jamani? Issenye hakuna reli. Mugumu hakuna. Bunda hakuna. Hata Musoma penyewe, makao makuu ya mkoa, ukisema unatafuta stesheni watu watakuangalia mara mbili. Mtu wa Mara akitaka kupanda treni, sharti kwanza apande basi hadi Mwanza.

Nilikua nikiamini kwamba mzee anatupiga fiksi. Nikamaliza sekondari, nikaenda chuo kikuu, nikaingia kwenye uandishi wa habari, na bado kichwani mwangu "reli ya baba mkubwa" ilikuwa kapu moja na hadithi za sungura na fisi. Hadi siku moja, nikiwa nafuatilia habari nyingine kabisa kuhusu bandari za Ziwa Victoria, nikakuta imeandikwa wazi: bandari ya Musoma ina gati la kupokelea mabehewa ya treni. Yaani mkoa usio na reli ulikuwa na kituo cha reli, ukingoni mwa maji.

Nilimpigia simu jioni ileile.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Kwema?"

"Kwema. Nimeiona reli yako."

Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. "Umechelewa," akasema.

Makala hii nimeiandika kwa sababu ya mazungumzo yaliyofuata baada ya simu ile. Nataka kueleza kituo kile kilikuwa nini na kilipotelea wapi, halafu niulize swali ambalo mzee aliniuliza mimi, na ambalo mpaka leo sijapata jibu linalonitosha: watu wanapoachana na kugawana mali, kile kilichokuwa kati yao kinakuwa cha nani?

Tuanze na kazi yenyewe, maana asiyeielewa hawezi kuelewa kilichopotea. Behewa linapakiwa mzigo, tuseme Mombasa au Nairobi. Linavutwa na treni hadi Kisumu. Pale Kisumu reli haiishii kwenye jengo la stesheni, inaendelea hadi gatini. Meli inakuja kinyumenyume, na kwenye sakafu yake zimelazwa reli, upana uleule wa mita moja uliotumika Kenya, Uganda na Tanzania. Kati ya gati na meli kuna daraja fupi linaloweza kupanda na kushuka kufuata maji, maana ziwa halina kina kimoja mwaka mzima na meli yenyewe huzama kidogo kila inapoongezewa uzito. Mabehewa yanasukumwa ndani, yanafungwa minyororo, meli inaondoka. Upande wa pili kuna daraja lingine kama lile. Mabehewa yanatolewa na mzigo haujaguswa na mkono wa mtu tangu ulipopakiwa.

Mwanza mabehewa yakitolewa yaliweza kuendelea na safari kwa reli ya Tabora hadi Dar es Salaam. Musoma yalitolewa yakaingia kwenye reli fupi ndani ya uzio wa bandari, na hapo ndio mwisho. Mzigo ulishushwa, behewa likasubiri meli ya kurudi. Baba mkubwa alikuwa kuli pale. Anasema wageni walikuwa wakifika Musoma wakiona behewa limesimama wanauliza njia ya kwenda stesheni, naye anawaonyesha maji: "Njia ndiyo hiyo."

Mpango huu una historia ndefu kuliko mzee. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani Desemba 1901, na mahali ilipoishia pakaitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa mmoja wa wasimamizi wa ujenzi. Ndiyo Kisumu ya leo. Waliijenga wakaiita Reli ya Uganda, ila haikufika Uganda ya leo kwa miaka mingi: ilifika majini ikasimama. Kilichobaki kilifanywa na meli. Winifred, Sybil, Clement Hill, zote zililetwa vipandevipande zikaungwa palepale Kisumu katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Upande wetu wa kusini, kabla reli ya kutoka Tabora haijafika Mwanza mwaka 1928, mzigo wa ziwani ulikwenda baharini kwa kupitia Kisumu na Mombasa. Mtu wa Mara wa wakati ule, hata kama hakuwahi kuitia mpira jicho ramani ya dunia, mlango wake wa kutokea ulikuwa ng'ambo ya maji.

Mwaka 1948 Waingereza waliunganisha reli na bandari za nchi zote tatu chini ya shirika moja. Bendera zilipobadilika, Tanganyika 1961, Uganda 1962, Kenya 1963, shirika lile halikuvunjwa. Tena liliongezewa nguvu. Katikati ya miaka ya 1960 meli mbili za kubeba mabehewa zilitengenezwa na kampuni ya Yarrow kule Scotland, zikaletwa kwa vipande, zikaungwa Kisumu. Kila moja iliweza kubeba mabehewa takriban 20, mzigo wa zaidi ya tani 1,000. Moja ikaitwa Umoja, nyingine Uhuru. Zikawa zinazunguka Kisumu, Jinja, Port Bell, Mwanza na Musoma.

Nalitaja hili la miaka kwa makusudi, kwa sababu kuna rafiki yangu, msomi mzuri tu, niliyemweleza habari hii akanijibu haraka: "Sasa unalilia reli ya mkoloni? Ile ilijengwa kutunyonya." Kwa reli ya 1901 sina ubishi naye. Lakini gati la mabehewa lilifanya kazi chini ya serikali zetu wenyewe. Walioziita meli zile Umoja na Uhuru walijua walichokuwa wanakisema. Kwa hiyo kilichokufa Musoma kilikuwa chetu, na waliokiua hatuwezi kuwatafuta London.

Kilikufaje? Kwa kifupi: nyumba iligombana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzishwa rasmi kwa mkataba wa 1967. Kila mmoja alikuwa na lake moyoni. Tanzania iliona viwanda na faida vinabaki Kenya. Kenya iliona inabeba wenzake, na kwamba ujamaa na ubepari haviwezi kulala kitanda kimoja. Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin tangu 1971, na Mwalimu Nyerere alikataa kukaa naye meza moja. Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka na Kenya. Kufikia katikati ya mwaka ule Jumuiya ilikuwa imekufa. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Miaka sita na miezi tisa.

Mabehewa ya Kisumu yakakatika. Hakuna aliyekuja na nyundo kubomoa kitu pale Musoma. Gati lilibaki, reli zikabaki. Baba mkubwa anasema kwa wiki kadhaa makuli waliendelea kwenda asubuhi, wanakaa kivulini, wanacheza bao, wanaangalia maji. Waliposikia honi yoyote walisimama. Halafu wakaanza kupungua, mmoja kaenda kuvua, mwingine kaenda Mwanza, yeye akarudi Issenye kulima pamba. Anaposimulia hapa huwa hana hasira. Anasimulia kama mtu anayeeleza mvua iliyokataa kunyesha mwaka fulani.

Nikamuuliza kama alilipwa chochote. Akacheka tena. Alikuwa kibarua wa siku. Jina lake lilikuwa kwenye daftari la msimamizi, na daftari likiisha linawashiwa moto wa chai.

Basi nikamweleza habari ya mgawanyo. Ni habari ambayo watu wengi wa umri wangu hawaijui, na inastahili kujulikana. Baada ya Jumuiya kuvunjika, akateuliwa mpatanishi, mwanadiplomasia wa Uswisi aitwaye Victor Umbricht, ili ahesabu mali na madeni na kuzigawa nchi tatu. Ilikuwa kazi ya miaka. Ndege, vichwa vya treni, majengo, meli, mikopo, vyote vikapimwa na kuwekewa bei. Mwisho, tarehe 14 Mei 1984, marais watatu, Moi, Nyerere na Obote, wakatia saini makubaliano Arusha. Kenya ikapata asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Kwenye meli zile mbili, Uhuru ikawa ya Kenya na Umoja ikawa ya Tanzania. Anayejua kwamba kwenye nembo yetu ya taifa pameandikwa "Uhuru na Umoja" ataona kwamba hata kaulimbiu iligawanywa.

Mzee alisikiliza kwa makini. Akaniomba nirudie zile namba. Nikarudia: 42, 32, 26. Akajumlisha kwa vidole, polepole.

"Ni mia," akasema.

"Ndiyo baba, ni mia."

"Mia kamili. Hakuna kilichobaki?"

"Hakuna."

"Sasa ya katikati walimpa nani?"

Nilijua anauliza nini, nikashindwa kumjibu.

Hebu tulichukue swali lake kwa uzito, maana mtu anaweza kulipita akidhani ni maneno ya mzee wa kijijini. Umbricht na wenzake walifanya kazi ya haki, kadiri haki ya kugawana inavyowezekana. Walihesabu kila kilichohesabika. Lakini kituo cha Musoma thamani yake haikuwa kwenye chuma. Mita zile chache za reli ukizing'oa ukaziuza chuma chakavu hazijengi hata choo cha shule. Thamani yake ilikuwa kwamba ng'ambo kuna gati lingine linaloitikia. Hiyo safari ya kati, hilo "naja" na "karibu" la gati mbili, halikuwa Kisumu wala Musoma, na hakuna mpatanishi angeweza kuliwekea bei kwenye karatasi. Mgawanyo ulipokamilika kila nchi ilikuwa na fungu lake halali, na kitu chenyewe hakipo.

Kwetu kuna kisa nilichosimuliwa na bibi, mama yake huyu baba mkubwa. Yeye na mke mwenzake walikuwa na jiwe moja la kusagia ulezi. Mnalijua: jiwe kubwa la chini lenye kibonde, na jiwe dogo la mkononi. Siku moja wakakosana vibaya, kila mtu akataka nyumba yake, jiko lake, vitu vyake. Shemeji yao mkubwa akaitwa agawanye. Akagawanya vyungu, akagawanya majembe, akafika kwenye jiwe. Kwa hasira ya siku ile, mmoja akachukua la chini, mwingine akachukua la juu. Haki sawa. Jioni hakuna nyumba iliyosaga. Mtu atasema si uokote jiwe lingine dogo huko mtoni? Bibi alikuwa anasema jiwe jipya huchukua muda mrefu hadi lilingane na lenzake, na muda wote huo mnakula unga wenye mchanga.

Yule shemeji alirudi baada ya siku chache. Akaamuru mawe yote mawili yapelekwe chini ya mti uliokuwa kati ya nyumba mbili. Akasema hili si la huyu wala la yule, na asiyetaka kumwona mwenzake aje saa yake. Bibi alikiri kwamba walikaa karibu mwaka mzima hawasemezani. Lakini walisaga.

Mimi kisa hiki nilikuwa nakichukulia kama mafunzo ya upatanisho, mambo ya kusameheana. Baada ya swali la mzee nimekiona kwa namna nyingine. Yule shemeji hakuwapatanisha. Hakuwaambia wapendane. Alichokiona ni kwamba kuna vitu vya kugawanya na kuna vitu vya kuacha chini ya mti, na kwamba kukosea hapo kunawaumiza wanaokula unga, ambao hawakuwa sehemu ya ugomvi. Watoto wa nyumba zote mbili walilala njaa kwa haki sawa.

Hapo ndipo nadhani lilipo kosa la 1977, kama tunataka kulitafuta kosa. Sisemi nchi hazikuwa na sababu za kukosana. Zilikuwa nazo, na baadhi zilikuwa nzito. Sisemi pia Jumuiya ilipaswa kubakizwa kwa nguvu, maana hata ndoa mbovu haina faida ya kung'ang'aniwa. Ninachosema ni kwamba kukosana hakukulazimisha meli isimame. Inawezekana kuachana na bado jiwe likakaa chini ya mti. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, kabla ya kufunga mlango: huko mwisho wa njia yuko nani anayeishi kwa kitu hiki, na yeye kagombana na nani?

Najua majibu yatakayokuja, na ni haki yake kila moja lisikilizwe.

La kwanza ni la kujitegemea. Azimio la Arusha la 1967 lilitufundisha kwamba anayetegemea wengine hajawa huru. Kwa mtazamo huo, Musoma ilijiponza: ukijenga kituo kisichokuwa na reli nchini kwako, ukategemea meli na jirani, siku jirani akinuna utabaki unaangalia maji. Hoja hii ina nguvu, ila naomba tuisukume hadi mwisho wake. Tulikuwa pia na reli ya nchi kavu kwenda Kenya, ile ya Kahe hadi Voi, iliyofika upande wetu tangu Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Ilikuwa ardhini, ya chuma, ya uhakika. Nayo ilinyamaza mwaka uleule mpaka ulipofungwa. Kwa hiyo ukavu haukutuokoa. Na ukiangalia vizuri, kituo chochote cha reli kilicho ukingoni mwa maji kimejengwa kikiwa nusu. Kisumu ya 1901 ilikuwa nusu. Mwanza ya 1928 ilikuwa nusu. Ni kama mkono ulionyooshwa kusalimia. Ukisema asinyooshe mkono hadi awe na uhakika wa kupokelewa, basi hakuna atakayesalimiwa na yeyote. Kujitegemea ni kulima shamba lako mwenyewe, na sidhani kama kuna aliyefundishwa aoe peke yake.

Jibu la pili ni la maendeleo: hata bila ugomvi, malori yangeimaliza kazi ile. Inawezekana kabisa. Ndivyo ilivyokwenda kwa sehemu kubwa ya reli zetu, ambazo zilizeeka bila matunzo huku barabara zikiongezeka, na miaka ya 1990 gugu maji likaziba hata bandari ya Kisumu yenyewe. Lakini kufa kwa uzee na kuuawa si jambo moja, hata kama wote wawili tunawazika. Anayekufa kwa uzee unamwona akipungua, unajipanga, unatafuta kazi nyingine huku bado unayo ya zamani. Makuli wa Musoma hawakushindwa na lori. Waliamka asubuhi wakakuta uamuzi. Na penye uamuzi pana mwamuzi, na mwamuzi anaweza kuulizwa.

Jibu la tatu ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu ni la kisheria na limenyooka. Linasema: baba yako mkubwa hakuwa na mkataba. Waliokuwa waajiriwa wa Jumuiya walikuwa na madai yanayoeleweka, na hata hao mnakumbuka yaliyowapata. "Wazee wa Afrika Mashariki" lilikuwa jina la kawaida kwenye magazeti yetu kwa miaka na miaka, wazee waliokuwa wakidai mafao yao mahakamani na hata barabarani pale Dar es Salaam, nywele zikiwa zimeshakuwa nyeupe. Ikiwa mwenye barua ya ajira alihangaika hivyo, wa daftari la kuwashia chai anadai nini? Ahadi ni deni, sawa, lakini nani alimwahidi?

Nimelifikiria hili kwa muda. Nadhani kuna ahadi ambazo hazisemwi kwa mdomo. Ukichimba kisima kando ya njia na kuacha ndoo, hujamwahidi mtu chochote. Lakini watu wakishahamishia maisha yao pale, wakajenga, wakaleta ng'ombe, huwezi kuamka siku moja ukakifukia kwa sababu umekosana na uliyekichimba naye, halafu ukasema hamkuwa na mkataba. Hukuwaahidi, ila uliwaacha waamini. Na serikali zaidi ya mtu binafsi zinaishi kwa kuaminiwa hivi. Zinajenga gati, zinaita meli Umoja, zinaacha kijana wa Issenye atembee hadi Musoma kutafuta maisha. Deni la namna hii haliwezi kulipwa kwa asilimia. Sidhani hata kama linaweza kulipwa kwa pesa. Lakini deni lisilolipika si sawa na deni lisilokuwepo, na kitu cha chini kabisa anachoweza kufanya mdaiwa ni kukubali kwamba anadaiwa.

Hapo ndipo kicheko chetu cha utotoni kinaponiuma. Sisi tulikuwa tunamcheka mtu kwa kusema kweli. Kilichokuwa kati ya Kisumu na Musoma kilipotea mara mbili: mara ya kwanza mabehewa yalipokatika, mara ya pili kumbukumbu yake ilipogeuka kuwa kichekesho cha watoto. Ya kwanza waliifanya wakubwa. Ya pili tuliifanya sisi, bure kabisa, bila kusaini popote.

Msomaji anaweza kuuliza, haya yote ya nini leo? Jumuiya mpya ipo tangu mkataba wa 1999, ina wanachama wengi kuliko ya zamani. Meli ya Umoja imefanyiwa ukarabati ikarudi kupeleka mabehewa Port Bell, na Uhuru nayo ikaamshwa Kisumu mwaka 2019. Reli ya kisasa inajengwa kuelekea Mwanza. Na kuna ule mpango wa reli ya Tanga, Arusha hadi Musoma, ambao mtu wa Mara amezaliwa akiusikia. Si wazo la jana: Wajerumani walipoanza reli ya Tanga walikuwa na ndoto ya kuifikisha ziwani, ikaishia Moshi mwaka 1911, na Waingereza wakaisogeza hadi Arusha mwaka 1929. Tangu hapo imesimama inatutazama kwa mbali.

Ninaunga mkono yote haya. Issenye tunajua maana ya kuwa mbali: hata barabara ya lami ya kutoka Makutano kuja Natta na Mugumu tumeisubiri mpaka tumechoka kuuliza. Lakini ningependa safari hii tuyajenge haya tukiwa tumejifunza swali la mzee. Kila tunapounganisha nchi, iwe kwa reli, kwa nyaya za umeme, kwa bomba la mafuta, tunatengeneza kitu cha katikati ambacho siku ya kugawana hakina fungu. Na siku hiyo inaweza kuja, maana ndugu hukosana. Mikataba yetu ina sura nyingi kuhusu nani anachangia kiasi gani na nani anapata nini. Ningependa iwe na sura moja inayosema: tukikosana, hivi na hivi havitasimama, na wanaoishi kwa hivyo, wenye barua na wa daftari, watahesabiwa kabla ya vichwa vya treni.

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani nikamsomea mzee sehemu ya haya niliyoandika. Alikubali karibu yote, isipokuwa alinisahihisha jambo moja. Alisema nimeandika kama vile wao makuli walikuwa wakisubiri meli tu. "Tulikuwa tunafanya kazi," akasema. "Andika hivyo. Watu wakisikia hatukulipwa wanafikiri tulikuwa tunakaa." Naandika hivyo: walikuwa wanafanya kazi, mizigo ilikuwa mizito, na mabehewa yalishushwa kwa wakati.

Nikamweleza pia habari ya reli ya Tanga hadi Musoma, kwamba serikali bado inaitaja. Akauliza itavuka maji kwenda wapi. Nikamwambia mipango ya zamani ilikuwa ifike Musoma, kisha meli ipeleke mabehewa Uganda. Akatikisa kichwa, akatema mate pembeni.

"Basi waandike na siku ya ugomvi," akasema.

Wajukuu zake walikuwa wamekaa pale, na aliposema "maana mimi nilikuwa reli" nikawaona wanatazamana, wanabana vicheko, kama sisi zamani. Nikawaita wakae karibu, nikachora kwenye vumbi kwa kijiti: huku Kisumu, huku Musoma, hapa katikati maji, na hapa meli yenye reli ndani yake. Mzee akainama, akaninyang'anya kijiti, akasahihisha mahali daraja lilipokuwa.